Kupeleka Maziwa ya Jarso Nairobi

Tangu nirudi, kila anayekuja kibarazani kwangu kupimwa nguo anakaa kuliko kawaida. Anashikashika kitambaa, anauliza kama nina vifungo vyeusi, kisha anakohoa kidogo: haya, Halima, na ile safari yako na mama mkwe ilikuwaje? Nimesimulia vipande vipande mpaka nimechoka. Mama Kinoti wa duka la jirani, aliyenilelea wasichana wangu siku zote nilizokuwa njiani, alisikia mwisho kabla ya mwanzo, na sasa anawasimulia wateja wake safari ambayo hata mimi siitambui. Kwa hiyo nimeiandika. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome, nami niendelee kushona.

Mnajua kwamba mume wangu Jarso alikufa kwa ugonjwa wa figo katika hospitali kubwa ya Nairobi, mwaka ule wa ukame. Msilolijua ni kwamba tangu hapo mama yake, ambaye namwita Ayyo kama alivyomwita yeye, hakuwahi kunipa kikombe mkononi. Alikuwa akikiweka chini, nami nainama kukiokota. Mgeni asingeliona jambo hilo. Mimi nililiona kila mara, na kila mara liliniuma.

Sababu ni hii. Binamu yake Jarso alikuja kumtazama wodini, akamkuta ananiomba maji, na mimi nimeficha jagi nyuma ya mgongo. Binamu akalibeba neno hilo mpaka Biliqo. Kwa watu wa ng'ombe hakuna habari mbaya kuliko hiyo, maana kisimani hata adui hunyweshwa kwanza ndipo aulizwe ametoka wapi. Daktari alikuwa ametuambia kwamba figo zikiacha kazi, maji yanaingia mwilini na hayatoki, yanapanda mpaka kwenye mapafu, na kwamba Jarso apewe kikombe kimoja kidogo kwa siku basi. Nilimweleza Ayyo hayo mara nyingi. Alikuwa akisikiliza huku anatazama ng'ombe.

Kumfuata Ayyo Biliqo

Mvua iliponyesha na majani kurudi, shemeji yangu alinitumia ujumbe kwa dereva wa lori. Ayyo ameweka nadhiri, anataka kwenda Nairobi, na katika ukoo mzima hakuna anayeijua njia ya hospitali ila mimi. Nikapanda lori la unga lililokuwa likienda Merti, nikashuka Biliqo nikiwa mweupe kuanzia kope mpaka vidole vya miguu. Watoto wa manyatta walinikimbia.

Nilimkuta Ayyo anafukiza gorfa. Kwa wale wa kutoka Meru na Nyeri ambao hawajui, gorfa ni chombo chetu cha maziwa, kinasukwa kwa nyuzi za mizizi na kukazwa mpaka kisivuje tone. Kabla ya kutia maziwa kinafukizwa moshi wa kuni zilizochaguliwa, na ndiyo sababu maziwa yetu ya kugandisha yanakaa wiki nyingi bila kuharibika, na yananukia moshi. Ayyo alikuwa na gorfa mbili. Ndogo ilikuwa ya njiani. Kubwa, aliyoifunga kwa kamba za ngozi na kuipamba kwa simbi, ilikuwa ya nadhiri.

Hakunisalimu kwa urefu. Aliniambia tu kwamba yale ni maziwa ya handura ya Jarso. Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa, kitovu kikishakatika, anapewa mtamba, na uzao wote wa mtamba huyo ni wake mpaka anakufa. Huyo ndiye handura, ng'ombe wa kitovu. Ukame ulikuwa umeuchukua uzao wa handura ya Jarso karibu wote. Alibaki mmoja mwekundu, pembe moja imepinda, amekonda mpaka unaweza kumhesabu mbavu ukiwa mbali. Mvua ilipokuja, huyo akazaa. Ayyo aliona ni ishara. Aliapa kwamba maziwa yake atawapelekea wale waliolala pale alipolala mwanawe, wanywe mpaka washibe, ili asipatikane mama mwingine ambaye mtoto wake amekufa na kiu.

Nilimwambia hawataruhusiwa kunywa. Nilimwambia kwa upole, halafu nikamwambia kwa hasira, maana upole wangu si mrefu. Nilimwambia kwamba ugonjwa ni ule ule na amri ya daktari ni ile ile. Alikaza kamba ya gorfa kwa meno.

"Tutaona," akasema.

Kisha akanimiminia chai, akaiweka chini.

Biliqo mpaka Isiolo, mimi na mbuzi

Kungojea lori Biliqo ni kazi, yafaa mtu alipwe. Unasikia mngurumo, unabeba mzigo, unakimbia barabarani, na kumbe ni upepo. Mwishowe likaja lori la mbuzi. Ayyo kwa heshima ya umri wake akakaribishwa mbele na dereva, gorfa kubwa mapajani. Mimi nilipanda nyuma pamoja na mbuzi, nao hawana heshima ya umri wala ya kitu kingine.

Hatukufika mbali. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani ambako hatukuiona, na laga, ule mto wa msimu ambao siku zote ni mchanga mkavu, ilikuwa imejaa maji mekundu yanayobeba miti mizima. Tukashuka kungoja yapungue. Watu wakawasha moto, wakapika chai ya rangi, na Ayyo akafungua ile gorfa ndogo. Alizunguka kwa kila abiria, akimpa kikombe mkononi na kumwambia maneno ya baraka. Aliponifikia mimi alikiweka mchangani, akapita.

Dereva alikuwa Mturkana mmoja mcheshi, jicho lake haliachi kitu. Alingoja Ayyo aende kando, akanisogelea.

"Huyo mzee amekukasirikia?" akaniuliza.

"Kidogo," nikamwambia.

"Kidogo ya miaka ngapi?"

Nilikunywa maziwa yangu pamoja na mchanga wake.

Maji yalipopungua tulivuka kwa kusukuma, wanaume kwa wanawake, na mbuzi mmoja akatoroka ikabidi afuatwe. Kufika kizuizi cha polisi kabla ya mji, askari mmoja kijana alituteremsha wote kuangalia vipande vya utambulisho. Alipomwona Ayyo amekumbatia kitu chenye simbi akasimama.

"Mama, hiyo ni nini unabeba kama mtoto? Iko pombe ndani?"

Ayyo hajui Kiswahili. Akaniuliza kijana anasema nini. Ningemtafsiria kwamba ameulizwa kuhusu pombe, yeye ambaye hajawahi kukosa kufunga hata akiwa mgonjwa, tungelala pale pale. Nikamwambia kijana anaulizia afya ya ng'ombe. Basi uso wake ukalainika. Alimpa askari habari yote ya yule ng'ombe mwekundu kwa Kiborana, alivyokonda, alivyoinuliwa kwa mikono kila asubuhi, alivyozaa ndama jike. Askari alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mama amesemaje. Nikamwambia ni maziwa ya sadaka ya mwanawe aliyekufa, anawapelekea wagonjwa Nairobi. Kijana akaiacha gorfa. Akamshika Ayyo mkono kumsaidia kupanda, na Ayyo akaniambia baadaye kwamba serikali siku hizi ina watoto wenye adabu.

Makaburini

Jarso tulimzika hapa Isiolo kabla habari haijafika Biliqo, na Ayyo alikuwa amelizuru kaburi mara moja tu. Asubuhi kabla ya kuendelea na safari aliomba nimpeleke. Aliniambia nibebe dumu la maji.

Mnajua desturi, maji kidogo hunyunyizwa juu ya kaburi na dua inasomwa. Ayyo hakunyunyiza. Alipiga magoti upande wa kichwa, akamimina taratibu, akangoja ardhi inywe, akamimina tena, mpaka dumu lote likaisha. Midomo yake ilikuwa inasema kitu, na mara moja nililisikia neno lenyewe. Alikuwa anamwambia anywe.

Nililia, na sitadanganya kwamba nililia kwa huzuni peke yake. Nilikuwa na hasira. Mimi ndiye niliyelala sakafuni chini ya kitanda chake. Mimi ndiye niliyesikia jina langu likiitwa kwa ajili ya maji mpaka leo nikilisikia ghafla nashtuka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na ile wodi naijua mimi. Lakini mtu utamwambiaje maneno hayo mama aliyepiga magoti kwenye tope la kaburi la mwanawe? Nilibeba dumu tupu, tukarudi nyumbani kwangu mtaa wa Chechelesi.

Kuingia Kenya

Wazee wetu bado wanasema mtu akipita Isiolo kwenda kusini ameingia Kenya. Basi lilipoanza kupanda kuelekea Timau, Ayyo aliniuliza kama tayari tumeingia. Nikamwambia tumeingia. Akatazama mashamba ya ngano yaliyofuatana mpaka mlimani, akataka kujua majani yote hayo ni ya ng'ombe wa nani na wako wapi. Nikamwambia yanaliwa na watu. Aliwaonea huruma.

Baridi ya Nanyuki ilimshika vibaya. Nilimnunulia chai na mayai ya kuchemsha, kwa sababu nyama hakujua imechinjwa na nani na hakutaka kuuliza. Aliivika gorfa shuka yake ya begani, yeye akabaki anatetemeka. Nilipomfunika na leso yangu hakuikataa, lakini hakunitazama.

Karibu na Karatina basi liliharibika. Utingo aliingia chini ya gari, zikabaki zinaonekana tu soli za viatu vyake, akasema ni jambo dogo. Jambo dogo lilichukua sehemu kubwa ya siku, na mvua ikaanza. Mama mmoja mwenye kibanda cha mboga kando ya barabara akatuita tukae jikoni kwake karibu na moto. Alitupatia nduma za kuchemsha na chai. Ayyo hakukubali kula bure, akamimina maziwa kutoka gorfa ndogo, akampa.

Yule mama alionja, akakunja uso. "Hii maziwa imeungua," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mwambie pole."

Nikamweleza kwamba haijaungua, moshi ndio utamu wenyewe. Akanywa tena kwa adabu, akameza kama dawa. Ayyo aliona kikombe kimeisha, akamwongezea. Mwenyeji alinitazama kwa macho ya kuomba msaada, na ile ndiyo mara ya kwanza nilicheka katika safari ile.

Akauliza tunakokwenda. Nilipomwambia, alitoka nje kwenye mvua, akarudi na kikapu cha nduma na ndizi. "Wapelekee wagonjwa," akasema. "Mwambie mama Mungu amuone." Abiria wengine waliokuwa wamejibanza pale walisikia. Mmoja akaleta viazi, mwingine machungwa, mzee mmoja wa kanisa akatoa parachichi alizokuwa anampelekea binti yake. Basi lilipopona, Ayyo alipanda akiwa na mzigo mkubwa kuliko alioshuka nao, na kila aliyempita kitini alimgusa bega.

Mimi nilikaa natazama kile kikapu. Ndizi, viazi, machungwa, parachichi, maziwa. Vyote hivyo nilikatazwa kumpa Jarso, kimoja kimoja, kwa kidole cha sista. Ukarimu wa nchi nzima ulikuwa umejikusanya miguuni mwangu, na hakuna kimoja ambacho mgonjwa wa figo angeweza kula kwa amani. Nilimwambia Ayyo tena. Alikuwa amechoka, kichwa ameegemeza dirishani. Safari hii hakusema tutaona. Aliniuliza, kama hawali na hawanywi, wanaishi kwa nini? Nikamwambia wanaishi kwa mashine inayosafisha damu, na mashine ni chache, wengine wanangojea zamu.

Wodini

Tulilala Eastleigh kwa jamaa, na kesho yake saa ya kutazama wagonjwa tulikuwa mlangoni. Harufu ilikuwa ile ile, ya dawa ya sakafu na uji. Kitanda cha Jarso kando ya dirisha kilikuwa na mtu mwingine, kijana aliyegeukia ukutani.

Sista wa zamu alinikumbuka. Alikuwa mwanamke mnene mwenye uso wa uchovu, na alikuja kunishika mikono yote miwili kabla hajaona mizigo. Alipoiona, akavuta pumzi.

"Mama Isiolo, wewe unajua," akaniambia.

"Najua. Huyu hajui. Ni mama yake."

Sista akamtazama Ayyo aliyekumbatia gorfa yake yenye simbi, na hakuwa na haraka ya kumfukuza. Akasema kwamba yeye hawezi kuruhusu, hata kikombe kimoja, lakini mama amefika kutoka mbali na anaweza kuwasalimu. Nilimtafsiria Ayyo nusu ya kwanza. Nusu ya pili hakuingoja. Alikuwa tayari amesikia Kiborana kikiongewa kitanda cha tatu.

Pale alilala mzee wa Garbatulla anayeitwa Boru, mfanyabiashara wa ng'ombe, miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa. Mkewe Sadia alikuwa ameketi sakafuni. Ayyo aliwasalimu kwa urefu, mvua, malisho, ng'ombe, watoto, yote kwa utaratibu wake. Kisha akafungua gorfa ya nadhiri. Ule moshi ukatoka. Mzee Boru alifumba macho, pua zake zikapanuka, na machozi yakamtoka tu yenyewe bila uso kubadilika. Ayyo akajaza kikombe. Sista alipiga hatua moja, nikamwomba kwa mkono angoje.

Boru alipokea kikombe kwa mikono miwili. Alikileta karibu na uso, akakinusa, akakaa nacho muda mrefu. Kisha akamrudishia.

"Ayyo," akasema, "nimechunga ng'ombe maisha yangu yote na sijawahi kurudisha maziwa ya mtu. Haya nikiyanywa nitazama. Hapa watu wanazama kitandani, hakuna mto."

"Mwanangu alikufa hapa na kiu," Ayyo akamwambia.

"Najua kiu yake. Ninayo. Bila kiu hii ningekuwa nimekufa mwezi jana."

Alikuwa amechoka kwa kusema. Akamgeukia mkewe, na Sadia bila kuambiwa akachukua kikombe chenye maji kidogo, akachovya ncha ya leso yake, akaikamua, akampitishia midomoni. Juu, kisha chini, kisha kwenye pembe za mdomo zilizopasuka. Akachovya tena. Alifanya hivyo kwa mazoea, kama mtu anayekunja nguo.

Ayyo alitazama mpaka mwisho. Mwenye macho haambiwi tazama. Kisha akanigeukia, na lilikuwa swali la kwanza aliloniuliza kuhusu Jarso tangu msiba.

"Na wewe ulimfanyia hivi?"

"Kila siku," nikasema. "Na usiku."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siku za msiba uliniuliza kama nilimpa maji anywe, Ayyo. Sikumpa. Nilikujibu ulichouliza."

Aliinama akashika ncha ya leso yangu, ile ile niliyomfunika nayo Nanyuki, akaisugua kati ya vidole vyake kama anayetaka kujua kitambaa ni cha aina gani. Mimi nilikuwa natazama sakafu.

Halafu akamwambia Boru kwa sauti iliyopasuka kwamba sasa amebaki na nadhiri shingoni. Aliapa maziwa haya yanywewe na waliolala hapa. Atarudi nayo vipi? Mzee Boru aliwaza, na namshukuru mpaka leo kwa alichosema.

"Mpe Sadia fungu langu. Yeye ndiye ananilinda. Akinywa yeye nimekunywa mimi."

Ayyo akajaza kikombe, akampa Sadia mkononi. Sadia hakuwa amekula tangu jana yake, alikinywa chote bila kupumua, na Boru alimtazama akimeza, koo lake nalo likawa linapanda na kushuka. Ikawa hivyo kitanda kwa kitanda. Mimi nilitafsiri kwa Kiswahili, na sista mwenyewe akasaidia pale Kiswahili kilipogonga ukuta. Kila mgonjwa aliulizwa fungu lake anampa nani. Mmoja alimpa mama yake aliyetoka Kitui kwa miguu sehemu ya njia. Mwingine akampa kaka yake aliyekuwa amelala nje kwenye majani. Kijana wa kitanda cha dirishani hakuwa na mtu, akasema fungu lake apewe sista, na sista akanywa amesimama, akafuta mdomo na kiganja, akasema kweli ina moshi. Kile kikapu cha ndizi na viazi tulikipeleka nje kwa wale wanaongojea wagonjwa wao, nao walikuwa wengi, na wana njaa kuliko wagonjwa wenyewe. Hilo nililijua zamani, maana nilikuwa mmoja wao, lakini sikuwahi kufikiri kwamba ni jambo la kumwambia mtu.

Tuliporudi ndani kuaga, Ayyo alisimama mbele ya kitanda cha dirishani. Akainamisha gorfa, akakung'uta mpaka tone la mwisho. Kilipatikana kikombe kimoja, si kamili.

"Hapa alilala Jarso," akasema, kama anauliza wodi nzima. "Fungu lake ni la nani? Nani alimlinda?"

Hakungoja jibu. Alinyoosha mkono na kikombe juu yake, nami nikanyoosha wangu, na vidole vyake havikukiachia mpaka vyangu vimekishika.

"Dhugi, intala tiyya," akasema. Kunywa, binti yangu.

Nilikunywa. Yalikuwa machungu kidogo ya chini ya gorfa, na mimi sijanywa kitu kitamu kuliko hicho.

Kurudi nyumbani

Ya kurudi ni mafupi. Basi halikuharibika. Karatina tulimwona yule mama wa kibanda, Ayyo akampungia gorfa tupu kutoka dirishani, naye akashika shavu lake na kucheka. Njia nzima Ayyo aliniuliza habari za Jarso. Aliniuliza alikuwa anazungumza nini, alimtaja nani, kama aliweza kuswali. Mengine nilimwambia, mengine yalinishinda tukalia tu, na abiria wa mbele akatupatia machungwa.

Nilidhani atalala Isiolo apande lori la kwanza. Badala yake aliuliza kile chumba cha uani ambacho Jarso alikuwa anawekea ngozi kina kazi gani. Nikamwambia hakina. Akasema mzee Boru alilala barabarani na miguu yake ile akingojea basi la Nairobi, kwa sababu Isiolo hakuwa na jamaa. Akasema yule ng'ombe mwekundu na uzao wake wasigawanywe. Madume watauzwa, na fedha itakuwa nauli ya wagonjwa wa figo wa upande wetu pamoja na mtu mmoja wa kuwalinda, na chumba kitakuwa cha kulala wakipita. Shemeji yangu amekubali. Nimepaka chokaa, Mama Kinoti ametoa godoro, na msione haya, blanketi bado zinahitajika.

Wiki iliyopita alifika wa kwanza, mwanamke mdogo wa Garbatulla aliyevimba uso, akifuatana na dada yake. Ilikuwa mchana, jua kali, wamekaa juu ya lori tangu alfajiri. Mwanamke aliomba maji. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, nikainuka haraka kwa sababu niliogopa Ayyo atakavyofanya. Alikuwa ameshatangulia. Alichota kwenye mtungi kwa kikombe kidogo, kile kipimo cha daktari, akakiinua usawa wa macho, akakitazama, akarudisha kidogo mtungini. Akampa. Yule mwanamke alikimaliza, akainua macho kuomba kingine.

Ayyo akatikisa kichwa. Akaketi karibu naye kwenye mkeka, akachovya ncha ya leso yake.